Siku Bonde Letu Lilipopigiwa Kura

Asubuhi bonde letu, huko Mgwashi, lilinukia tope, magimbi na majani ya vitunguu yaliyolowa umande. Kiangazi mahindi ya mlimani yalipokauka, chakula chetu kilitoka huko chini tu, ambako Mama alifungulia maji ya mfereji kwa jembe kabla jua halijavuka kilima. Mimi ninayeandika haya sikumaliza darasa la nne, na leo malori yangu yanashusha kabeji Dar es Salaam, na nyumba yangu ya ghorofa unaiona tangu ukiwa mbali kwenye barabara ya Bumbuli. Najisifu, ndiyo, na nina haki. Lakini kuna kitu hela zangu zimeshindwa kukirudisha, nacho ni lile bonde.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akitangaza mkutano wa kuchagua ardhi ya shamba la kijiji. Siku hiyohiyo ilikuwa zamu ya kulima kwa jirani yetu mjane, na kwetu kukosa zamu ya kulimiana ilikuwa aibu kuliko kukosa ibada. Kukosa mkutano hakukuwa aibu kwa yeyote. Baba alicheka, akamwambia balozi, "Maneno ya mkutanoni hayaoti, mzee. Nyie ongeeni, mkimaliza mtatuambia." Basi kilima kizima tukaenda na majembe, tukalima tukiimba, tukala makande ya mjane tukashiba. Jioni wakatuambia. Watu wa kilima cha ng'ambo, wasio na bonde, walikuwa wamenyoosha mikono, na shamba la kijiji litakuwa bonde letu.

Mama ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nami nikamfuata. Alimwamkia shikamoo, akapiga magoti kwenye vumbi la uani kwake.

"Mwenyekiti, watoto watakula nini kiangazi?"

"Inuka, mama. Mlikuwa wapi siku ile?"

"Tulikuwa tunalima kwa mjane."

Mzee yule aliangalia pembeni. "Niliwasubiri mpaka jua likageuka. Kilima chenu chote hakuja hata mmoja wa kubisha. Mngebisha, ningepata pa kushika."

Kiangazi kile tulikula uji wa pumba. Baba aliteremkia kwenye mashamba ya mkonge, hakurudi, nami shule ikaishia hapo. Shamba la kijiji halikudumu. Walipochoka nalo wakapanda mikaratusi, ikanywa maji mpaka mfereji ukawa njia ya mbuzi. Ndiyo maana nasema siwezi kulinunua. Ardhi ipo, bonde halipo.

Siku hizi sikosi mkutano wa kitongoji, na nakaa mbele. Juzi tulijadili chemchemi iliyobaki, ambayo mtu anataka kuizungushia uzio wa shamba lake. Madawati yalikuwa matupu. Wanangu wamesoma kuliko mimi, nao wananiambia, "Baba, una hela, mkutano wa nini?" Natamani kuwapiga, natamani kulia. Nimepita nyumba hadi nyumba nikiomba watu waje mkutano ujao, mtu mzima kama mimi, na wote wananiitikia vizuri kisha wananiuliza bei ya kabeji. Mama yangu, aliyelisha kilima kile kwa jembe lake, alikufa mzee sana, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akinunua mchicha sokoni.