Kipande cha Mkate Kilichonifanya Mjukuu wa Bibi Dobrila

Jumapili moja mchana nilikuwa natafuna mkate. Kabla sijaumeza, nilikuwa tayari nimehamia nchi nyingine.

Najua mtasema natia chumvi. Tulieni, niwape yote.

Naitwa Kalina. Kwetu ni Ruse, Bulgaria. Mwaka ule nilibeba begi mgongoni nikaaga mtaa mzima: nakwenda Ureno, kuna kazi ya mapokezi hotelini inanisubiri. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Kidole gumba nilikuwa nacho.

Mpango ulikuwa rahisi. Barabarani naomba lifti, nikichoka nalala kwa watu. Kuna mtandao wa wasafiri huko: mtu ana kitanda cha ziada, anakukaribisha bure, wewe unalipa kwa stori na kuosha vyombo.

Serbia, kwenye vilima vya juu ya mji wa Valjevo, alinikubali dada mmoja anaitwa Tijana. Picha yake mtandaoni ni msichana wa rika langu, nywele fupi, kacheka mpaka jino la mwisho.

Lori likanishusha njiapanda. Nikapanda kilima, ulimi nje.

Getini akatokea bibi kizee, kitambaa kichwani, koleo mkononi, uso mzima masizi. Nyuma yake moshi unafuka utadhani nyumba inaungua.

"Samahani bibi, namtafuta Tijana."

"Tijana ni mjukuu wangu. Yuko Belgrade, anasoma."

"Lakini aliniandikia nije kulala hapa."

"Aliandika yeye. Mwenye kitanda mimi. Umekula?"

Huyo ndiye Bibi Dobrila. Hakuniuliza hata jina mpaka nilipomaliza sahani ya pili.

Moshi ule ulikuwa wa hoho. Ikifika mwezi wa tisa, kule kila uwanja watu wanachoma hoho nyekundu, wanazimenya, wanazisaga, wanazipika kuwa ajvar ya kupaka kwenye mkate msimu wote wa baridi. Begi langu halijagusa sakafu, tayari nina kisu mkononi na gunia miguuni.

Na masharti ya nyumba? Acheni tu.

Nikafungua dirisha, akalifunga.

"Unataka upepo ukuue ndani ya nyumba yangu?"

Nikakaa kwenye ngazi ya saruji, akanikimbilia na mto.

"Inuka! Baridi ikikuingia utakosa watoto, halafu mama yako anilaumu mimi."

Lugha haikutusumbua sana. Kibulgaria na Kiserbia ni ukoo mmoja. Mimi nasema changu polepole, yeye anajibu chake polepole, tunakutana katikati. Nikiongeza mwendo tu, anakunja uso: "Nini? Taratibu, mwanangu, mimi mtu wa shamba."

Shida ilikuwa kichwa.

Sikilizeni hapa vizuri. Kwetu Bulgaria, kichwa kikienda juu na chini maana yake hapana. Kikienda kulia na kushoto, ndiyo. Dunia karibu yote inafanya kinyume, sisi tumegoma.

Mimi najua hilo. Nikitoka nje ya nchi najirekebisha. Lakini nikichoka, au mdomo ukiwa umejaa, kichwa kinarudi kwao.

"Nikuongeze supu?" Bibi anauliza.

Mdomo umejaa, kichwa kinapanda, kinashuka: hapana bibi, nimeshiba.

Anaongeza.

"Na mkate?"

Juu, chini. Jamani, hapana!

Anaongeza na mkate.

Usiku ule nililala chali kama mende, tumbo limetuna, najicheka mwenyewe.

Kesho yake simu ikaniletea ujumbe kutoka Ureno. Hoteli imepata mtu mwingine. Pole sana, kila la heri.

Nikakaa chini ya mti wa plamu uani, nikampigia dada yangu Nevena. Bibi alikuwa hatua chache pembeni anamenya hoho zake. Sikujali. Nikasema naye Kibulgaria cha kwetu, cha haraka, maneno yanagongana.

"Nevi, kazi imeota mbawa."

"Rudi nyumbani basi."

"Nirudi na sura gani? Baba alichinja kondoo kuniaga!"

"Sasa unakwenda wapi?"

"Sijui. Niko kwa kibibi fulani kinaninenepesha kama nguruwe wa Krismasi. Kesho naondoka. Hata upande wa kwenda sijui, Nevi."

 Nilikata simu, nikalia kidogo. Ile ya kimyakimya, mabega tu yanacheza.

Nikaona kitambaa mbele ya uso wangu. Bibi kasimama, ananipa.

"Moshi huo," akasema. "Hoho za mwaka huu zinaliza watu."

Nikajifuta. Nikasema moyoni, afadhali haelewi.

Jumapili nikafunga begi. Kabla sijatoka, gari dogo la mizigo likaingia uani kwa fujo. Akashuka mwanaume mnene wa miaka hamsini hivi, kofia mkononi, macho mekundu.

"Miodrag, mwanangu," Bibi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua ya mawe.

Miodrag akanisalimia vizuri tu, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, vitu vyako viko wapi? Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na mkeo."

"Mwaka jana theluji ilikufungia humu ndani! Ukianguka nani atajua?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Radoje? Radoje hasikii hata trekta lake mwenyewe!"

Nilitaka kucheka, nikajikausha. Maana huyu jamaa hakuwa mtoto mbaya. Sauti ilikuwa inatetemeka.

"Mama, silali mimi. Simu ikilia nadhani ni habari yako. Chumba nimekupaka rangi. Twende mjini."

Bibi akachukua kisu. Alikata mkate, akapaka krimu nzito ya maziwa, akapaka ajvar juu yake, akanikabidhi kipande kikubwa kama kiatu.

"Kula, mwanangu, unasafiri. Weka chote mdomoni, kisimwagike."

Nikaweka chote.

Ndipo akamgeukia mwanawe, mikono kiunoni.

"Nani kakwambia naishi peke yangu? Huyu Kalina anakaa na mimi baridi yote. Si ndiyo, Kalina?"

Eeh!

Miodrag akanitumbulia macho. "Kweli, binti? Unakaa na mama?"

Mashavu yamejaa, siwezi kutoa hata sauti. Kichwa kikarudi kwao. Juu, chini, juu, chini, kwa nguvu zote. Hapana! Hapana kabisa! Mjomba, mimi napita tu!

Miodrag akaona ndiyo. Ndiyo kabisa. Ndiyo ya kuapa.

Akakaa kwenye benchi kama gunia lililotuliwa. Akafunika uso kwa kofia yake.

"Mungu akubariki, binti," akasema mle ndani ya kofia. "Mungu akubariki."

Nikatafuna. Nikameza.

Sasa mdomo mtupu. Maneno ninayo. Ni kusema tu: mjomba, umenielewa vibaya.

Nikamtazama yule baba mzima anavyojifuta machozi. Nikamtazama Bibi, kashika kisu cha mkate, hakati kitu, katulia tuli. Nikaitazama barabara inayoteremka kilima, inakwenda nisikokujua.

Nikalisukuma begi pembeni kwa mguu.

Halafu nikasema, "Bibi, kipande kingine kipo?"

Ndivyo nilivyohamia Serbia.

Miodrag akahangaika mpaka nikapata kibali cha kukaa. Bibi akanifuma soksi za sufu mpaka zikajaa sanduku. Siku za soko tulishuka Valjevo na chupa zetu za ajvar. Yeye anapiga kelele za kuuza, mimi nabeba.

Tuligombana pia, msidhani ni asali tupu. Tuligombania tamthilia za Kituruki kwenye runinga. Tuligombania namna ya kupanga kuni. Kuna siku nilimnyang'anya ngazi, alitaka kupanda paani kusukuma theluji, akaninunia mpaka jioni.

"Mimi nilipanda paa hilo kabla mama yako hajazaliwa!"

"Ndiyo maana paa limekuchoka, Bibi."

Akacheka bila kutaka. Nuno likaisha.

Januari, asubuhi moja, nikasikia kishindo, halafu kimya. Nikatoka mbio na slipa. Bibi yuko chini kando ya kibanda cha kuni, barafu kila mahali, mkono umepinda vibaya.

"Nimekaa tu," akasema. "Napumzika."

Mdomo umembadilika rangi, lakini kiburi kiko palepale.

Nikamfunika koti, nikakimbia kwa Radoje. Yule mzee nilimgongea dirisha nusura nilivunje. Akachungulia na uji mdomoni, akanielewa kwa ishara, dakika hiyohiyo kaliwasha trekta. Tukamlaza Bibi kwenye tela juu ya majani makavu, mablanketi juu, mimi pembeni nimemshika. Tukateremka kilima.

"Usimwambie Miodrag," ananinong'oneza.

"Nimeshamwambia."

"Msaliti mkubwa wewe."

Lakini mkono wake mzima haukuniachia.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Daktari alisema angelala nje kwenye ile baridi muda kidogo tu zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Miodrag alipofika hospitali nilijua leo anagomba. Hakugomba. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akaja akanikumbatia na koti lake lenye theluji. "Angekuwa peke yake..." akaanza. Hakumalizia.

Pasaka ikakaribia. Plasta imetolewa, theluji imeyeyuka. Nikamwambia Bibi twende kwetu Ruse, familia inataka kumwona.

Miodrag akataka kukata tiketi za basi. Bibi akanigeukia.

"Wewe ulikujaje hapa?"

"Kwa lifti."

"Basi. Mimi ni nani nisiende kwa lifti?"

Niwaambie kitu, wasafiri wenzangu. Mkitaka lifti, tafuteni bibi wa kitambaa anyooshe kidole barabarani. Magari yanapigana vikumbo! Dereva mmoja wa mji wa Niš alitupeleka mpaka mpakani, na bado akatununulia chakula. Njia nzima Bibi alikuwa anamfokea afunge kioo.

Ruse, mlangoni kwetu. Mama kavaa gauni la sikukuu, baba nyuma yake, Nevena anachungulia. Mama akambusu Bibi mashavu yote mawili, kisha akaninong'oneza kwa Kibulgaria:

"Maskini, hata haelewi tunasema nini. Hebu muulize kwa ishara kama anakunywa kahawa."

Bibi akatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia. Ndiyo ya kwetu, ndiyo ya Kibulgaria kabisa.

"Nakunywa, mwanangu," akasema, kwa Kibulgaria kilichonyooka kama reli. "Chungu, bila sukari. Na hiyo supu naisikia harufu yake, usiifiche."

Begi likaniponyoka.

"Bibi! Unajua Kibulgaria?"

"Nilishona makoti Vidin, huku kwenu Bulgaria, kabla sijaolewa. Kiwanda kizima wasichana wa Kibulgaria, Mserbia mimi peke yangu. Ningefanyaje? Ningenyamaza miaka yote?"

"Kwa hiyo... tangu siku ya kwanza unanielewa?"

"Kila neno. Hata lile la kibibi na nguruwe wa Krismasi."

Nevena akaanguka kwenye kochi, kacheka mpaka akashika mbavu. Mimi masikio yanawaka moto.

"Na kichwa? Ulijua nikifanya hivi ni hapana?"

"Kwa nini unadhani nilikukatia kipande kikubwa vile?"

Jamani!

"Bibi, ulinidanganya!"

Hapo Bibi akaacha utani. Akanishika kidevu kwa ule mkono uliovunjika.

"Kichwa chako nilikiiba, hilo sikatai. Lakini mdomo? Mdomo ulikuwa wako. Ulitafuna, ukamaliza, ukameza. Nilisimama pale roho mkononi nasubiri useme hapana. Ulikuwa na nafasi tele. Ukaomba kipande kingine."



"Pale chini ya mti nilikusikia huna pa kwenda," akaendelea, taratibu. "Na mimi nilikuwa napelekwa kukaa kwenye ghorofa nitazame ukuta. Nikasema, tumekutana wawili tusio na pa kwenda, na angalau mmoja ana nyumba. Tungeiacha iwe tupu kwa nini?"

Mama alikuwa kashika birika, machozi yanamtoka. Baba akakohoa, akatoka kwenda kutafuta kondoo mwingine.

Siku hizi nakaa Valjevo mjini, nafundisha Kibulgaria, na mwisho wa wiki napanda kilima. Bibi hajahama. Tijana anamletea wageni mtandaoni mwaka mzima: Wahispania, Wapolandi, juzi walikuwapo mume na mke wa Kifini wanaofunzwa kupasua kuni. Miodrag kajenga bafu jipya. Simu ikilia sasa, anasema, kwanza anauliza leo kuna nani huko.

Basi wenzangu mnaozunguka na mabegi, mnaojisifu mmelala bure nchi kumi. Hakuna kitanda cha bure. Aliyekufungulia mlango naye kuna kitu anakitafuta, na mara nyingi ni mtu wa kubishana naye mezani tu. Ukifika kwa watu, kabla hujauliza intaneti yao inafunguliwa vipi, vua viatu, kaa, muulize mwenyeji wako ameamkaje.