Nyuzi za Bi Mwanatabu

Mwaka 1988 mtaa wa Magongo ulikuwa na maktaba moja tu niliyoijua, nayo ni sebule ya Bi Mwanatabu, mshona kofia. Vitabu sitini na vitatu, rafu ya mbao za makasha, na sheria moja: kitabu hakivuki kizingiti. Watu hata sita walisoma nakala moja kwa zamu, kila mmoja na uzi wa rangi yake, mabaki ya kofia, aliolaza penye ukurasa aliokomea. Tsofa wa bandarini uzi mwekundu, Kadzo muuza mihogo kijani, Mzee Ghanim buluu.

Nami nilijidai kusoma pale kitabu kimoja kinene, lakini ya nyuzi sikuyajua. Nilikuwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa pili, cheti sina, kiburi tele, nikajitolea kumpangia vitabu kisomi. Alipokwenda harusini Kisauni nilivipanga kwa alfabeti, nikaviandikia kadi, nikavikung'uta, nikang'oa na ule "uchafu" wote wa nyuzi. Fungu la nyuzi likawa kama kiota cha kunguru.

Aliporudi alilitazama fungu, hakunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Jumatatu Ghanim apasuliwa jicho," alisema. "Hilohilo moja lililobaki. Daktari hakumuahidi kitu. Alitaka amalize kitabu chake kwanza."

Mzee Ghanim mwenyewe akaingia, akapekua kitabu chake. "Mwanatabu, uzi wangu u wapi?"

"Muulize msomi huyu."

"Huyu si yule aliyefukuzwa chuo?"

"Nilitoka mwenyewe, mzee!"

"Basi chuo kina bahati."

Bi Mwanatabu alichomeka sindano kwenye kofia aliyoishika. "Mara ya mwisho ulimwacha nani kitabuni, Ghanim?"

"Yule mjane. Yuko mlangoni, ana barua, hajaifungua."

"Mia na kumi na mbili, chini, penye doa la kahawa. Doa lako mwenyewe."

Nikafungua. Mjane, barua, doa.

Wallahi, nywele zilinisimama. Jioni ile na kesho yake wakaja wote, watu thelathini na mmoja. Kila mmoja swali moja, kila mmoja ukurasa wake, naye hata shono la kofia mkononi halikumpotea. Nami nimefundishwa na maprofesa wasiokumbuka walichosema kabla ya chai!

Mzee Ghanim alimaliza Jumapili alasiri. Akafunga kitabu, akajifuta jicho. "Sasa na wapasue."

Kadi zangu Bi Mwanatabu hakuzitupa. Alizifanya vibao vya kuzungushia nyuzi mpya.

"Na wewe ulikomea wapi?" akaniuliza.

"Mimi kile kinene nilikimaliza zamani."

"Ukurasa wa tisa," alisema, akinikabidhi uzi mweusi. "Tangu Ramadhani."