Wigi Langu Kwenye Mtihani wa Wasusi

Mume wangu alipofariki nilinyolewa kipara, kama ilivyo kwetu. Nikajisukia wigi la rasta, nikalivaa kwenda Kahama kwenye mtihani wa chama cha wasusi. Chama hutupima sisi tuliojifunzia kazi saluni. Bila cheti chake ningebaki mwanafunzi tu.

Kabla sijaanza kusuka, mwenyekiti alikitazama kisogo changu. "Mama Neema, nani kakusuka?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Kisogo hiki? Usinidanganye."

"Kweli, kwa mikono yangu."

Nilidhani nimejibu vizuri, kumbe kwake nilikuwa mwongo.

"Haya, tuoneshe mikono inavyofika huko nyuma!"

Nami kwa ujinga wangu nikatii. Niliinama, nikapeleka mikono kisogoni. Wigi likateleza, likatumbukia kwenye beseni la shampuu.

"Mayu, mama yangu! Msusi kipara!" mtu mmoja alipiga kelele, na ukumbi mzima ukacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Aliliokota, akaligeuza, akafuata mishono kwa kidole mpaka mwisho.

"Nisamehe, Mama Neema," alisema. "Kumbe kisogo hiki ulikisukia mapajani. Mtihani wako umeisha, umefaulu. Na wanafunzi wangu utawafundisha wewe."

Nilikipokea cheti mbele ya wote, kipara kikimeremeta.