Mipopoo ya Bi Chaem

Bi Chaem alikuwa jirani yangu pale Thonburi, upande wa pili wa mto kutoka mji mkuu wetu; kwake ni ng'ambo ya mfereji tu, na sijaona mtu mkaidi kama yeye. Alikuwa mjane. Alikuwa na bustani ya miti ya matunda, midoriani, na, ukingoni mwa maji, safu ya mipopoo mirefu, myembamba, ile izaayo popoo za kutafunia tambuu, aliyoipanda marehemu mumewe. Alitafuna tambuu tangu siku za uchumba wake. Meno yake yalikuwa meusi, yanang'aa, na sisi wa rika lake tulimwonea wivu, maana kwetu huo ndio ulikuwa uzuri.

Kisha vita vikaja, lakini vilikuja kama mambo ya usingizini. Desemba ya 1941 Wajapani walishuka pwani za kusini, askari wetu wakapigana nao nusu siku, halafu redio ikasema tumekuwa marafiki. Mwezi uliofuata ikasema tunapigana na Uingereza na Amerika. Nilikuwa naparua vibua barazani. Nikamuuliza Bi Chaem, Amerika ni wapi?

"Mbali," akasema. "Labda hawajasikia."

Tulicheka mpaka kisu kikanidondoka majini. Ndege zilipokuja kuangusha mabomu upande wa mjini, tukajua kumbe wamesikia.

Serikali ikataka tufanane na mataifa makubwa. Bila kofia huingii sokoni. Tambuu marufuku. Mipopoo yote ikatwe. Wanawake wa mfereji wetu tulikuwa na kofia moja tu. Aliyetangulia kuingia sokoni alimrushia mwenzake juu ya uzio. Bi Chaem hakuigusa. Aliuza doriani zake ndani ya mtumbwi, chini ya daraja, kichwa wazi na shavu limetuna tambuu.

Mvua zilipoanza, mashua ilimchukua mwanawe wa pekee, Thiap, kwenda jeshini, milima ya kaskazini. Ilimchukua pia Sawing, mtoto wa Krui. Krui alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bi Chaem, na ndiye mkuu wa mtaa wetu. Vijana waliondoka wakitaniana, mmoja amevaa viatu vya mwenzake.

Kwetu roho ya mtu haitulii mwilini. Ikitishwa hutoka ikazurura, na asipokuwepo wa kuiita, mtu huugua, hata akafa. Bi Chaem aliamini kwamba roho ya Thiap, ikitishwa huko milimani, itarudi nyumbani kwa hewa, na itakachokiona mwanzo ni ile mipopoo, maana ndiyo iliyozidi miti yote ya mtaa kwa urefu. Ikikatwa, roho itapita isijue kwao. Kwa hiyo kila jioni alisimama chini yake akaita.

"Ewe roho ya mwanangu, usilale juu ya jiwe baridi. Usikae msituni na usiowajua. Njoo nyumbani, wali umeiva."

Mimi nilimsikia nikiwa jikoni kwangu. Sikumcheka. Jioni nyingine nilijikuta nami namwita Thiap huku nakoroga mchuzi.

Krui akaja na shoka.

"Shemeji, leo nakata."

"Kata. Anza na mimi."

"Bwana wa wilaya ananiuliza kila wiki! Nitamwambia nini?"

"Mwambie shoka ni butu. Wala si uongo, nalijua, lilikuwa la kaka yako."

"Unaniaibisha. Kofia hutaki, mdomo mwekundu wa tambuu. Taifa zima linakwenda mbele, wewe umekaa."

"Likifika, linitumie salamu."

Krui akageuka na shoka lake. Alirudi tena na tena, kila mara akiwa amevaa kofia ya majani iliyombana, na kila mara Bi Chaem alimpa chai na kumnyima mti. Nadhani hata yeye alifurahia kushindwa, lakini kazi yake ilikuwa mashakani kweli, na usoni alikuwa akikonda.

Oktoba mto ukapanda na haukushuka. Maji yalifunika matuta, njia na soko zima. Nilipiga kasia juu ya bustani yangu mwenyewe, nikachungulia, nikaona pilipili zangu zimesimama chini ya maji, nyekundu, zikipunga taratibu. Samaki walipita chini ya sakafu tukiwa tumelala. Kofia zilielea, hakuna aliyeziokota. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji, na katika weupe ule hukuona nyumba wala midoriani, ambayo tayari ilikuwa inakufa. Vilionekana vichwa vya mipopoo tu, kama vimening'inizwa hewani.

Katika ukungu huo ndipo mashua ilipomleta Thiap. Alikuwa amelala chini kabisa, homa ya malaria imemla, mikono imebaki vijiti. Bi Chaem alijitosa majini mpaka kifuani kumpokea.

"Uliiona mipopoo, mwanangu?"

"Mama, nilikuwa nimelala."

"Mwili ulilala," akasema. "Roho je?" Na akalia kwa sauti, nami nikalia mtumbwini mwangu kando yao, na furaha ile sijaipata tena.

Tulipomuuliza Sawing yuko wapi, Thiap alifumba macho. Walitenganishwa njiani, mvua ikinyesha. Hakujua zaidi ya hapo.

Maji yalipopungua, Krui akaja. Safari hii shoka lilikuwa limenolewa. Bi Chaem alikuwa anamlisha Thiap uji, nasi wanawake wa mfereji tumekaa naye barazani. Akaweka bakuli, akashuka ngazi.

"Kata, shemeji," alisema kwa upole. "Wangu ameshafika. Sitaki upoteze kazi kwa ajili yangu."

Krui aliweka kiganja kwenye shina la mpopoo wa kwanza, palipokuwa na tope la mafuriko. Shoka akaliegemeza kwenye ngazi.

"Na wangu je?" akasema. "Wangu atapita asijue."

Akaivua ile kofia iliyombana.

"Nifundishe, shemeji. Unaitaje?"

Bi Chaem akasimama kando yake akamtajia maneno, moja moja, na mkuu wa mtaa akayarudia kwa sauti ya mtu anayeona haya, akitazama juu. Jiwe baridi akalitaja. Msitu akautaja. Alipofika kwenye jina la Sawing sauti ikamkatikia, ikabidi tumalizie sisi wanawake.