Ukuta wa Mama Ulioandikwa Afya

Kaka yangu ana duka la jumla Nzega, na tangu alifungue amekuwa akisema neno moja: matangazo hayamfanyi mtu kitu. Mteja anaingia dukani akijua anachokitaka, mabango ni mapambo tu. Sikuwahi kumbishia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, na niliona hayo ni mazungumzo ya wafanyabiashara. Lakini hapo watu wa matangazo walikuwa bado hawajaipaka rangi nyumba ya mama yetu.

Mama anaishi Tura, mashariki ya Tabora, kijiji chenye stesheni ya reli. Nyumba yake inatazama stesheni moja kwa moja. Treni ikisimama, abiria wote wa upande ule wanauona ukuta wake, watake wasitake. Ni ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu enzi za baba, na tangu baba afariki haukuwahi kuguswa. Lipu ilikuwa imebanduka chini, mvua zimeuchora mistari. Mama aliuonea aibu, ingawa hakulalamika.

Siku moja ilifika pikapu na mafundi rangi watatu. Walimwamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba wanangu, wakamwambia kampuni yao imeichagua nyumba yake na wataipaka rangi bure. Alinipigia simu kwa furaha kama ya mtu aliyepata mjukuu.

"Wameziba hadi nyufa," aliniambia. "Wameipaka njano. Nyumba inawaka!"

"Wameandika nini, mama?"

"Wameandika afya," akajibu.

Nilipokwenda kumtazama niliyaona maandishi kabla treni haijasimama. Kulikuwa na jina la kinywaji, ambalo silitaji hapa kwa sababu sitaki kuwasaidia hata kidogo. Kilikuwa kile kinywaji cha unga, cha pakiti, unachokoroga kwenye maji kinakuwa rangi ya embe. Chini ya jina, kwa herufi nyekundu ndefu kama mkono wa mtu, iliandikwa: NGUVU NA AFYA KWA FAMILIA NZIMA. Pembeni walichora embe lililokatwa vipande.

Embe, Tura! Kijiji kizima kina miembe mikubwa ya zamani, iliyopandwa, wanavyosema wazee, na watu wa misafara waliopita njia hii wakienda na kurudi pwani. Msimu ukifika maembe yanaanguka usiku kucha juu ya mabati, asubuhi tunayafagia kama takataka. Na ndani ya pakiti ile, niliisoma mwenyewe kwa herufi ndogo za nyuma, hamkuwa na embe hata punje. Sukari, rangi na harufu.

Nilicheka siku ile, nikadhani ni kichekesho tu.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu mama, maana bila hilo mtu anaweza kumwona mjinga, na mama si mjinga. Alijifunza kusoma akiwa na watoto tayari, kwenye madarasa ya watu wazima, jioni baada ya shamba. Anasoma polepole kwa kufuata na kidole. Maisha yake yote maandishi yamemfikia kutoka mahali pa heshima: misale ya kanisani, kadi za kliniki za watoto wake, barua ya baba alipokuwa kazini mbali. Hajawahi kukutana na maandishi yaliyomdanganya. Na haya ya ukutani yalikuwa makubwa kiasi kwamba aliweza kuyasoma bila miwani, akiwa amesimama kwenye shamba lake la karanga. Wageni wakija aliwasomea kwa sauti.

Mama pia ana kisukari. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemweleza vizuri: apunguze ugali, aache soda, aache sukari kwenye chai. Alitii kila neno. Soda aliiacha siku ileile. Chai alikunywa bila sukari, na michembe yake miwili mitatu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo sisi watu wa Tabora hatuwezi kuishi bila kuvitafuna.

Lakini muuguzi hakumkataza afya.

Hivyo ndivyo alivyoniambia baadaye, kwa maneno hayohayo. Watu wa kijiji walipoanza kupita kuulizia kinywaji kwake, kwa kuwa nyumba ndiyo iliyoandikwa, akaanza kuchukua katoni kutoka kwenye gari la kampuni na kuuza pale barazani. Kazi za shamba zilipomchosha akawa anajikorogea kikombe. Alipozidi kuchoka akaongeza. Alikuwa na kiu isiyoisha, na alikuwa anaizima kwa kilekile kilichoileta. Ilifika mahali jagi la njano lilishinda mezani tangu asubuhi.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Mama alikuwa ameanguka uani, anaongea maneno yasiyoeleweka. Treni haikuwepo siku hiyo, wakambeba kwenye gari lililokuwa limekuja kuchukua mpunga, wakamleta Tabora kwa barabara ya vumbi, amelala juu ya magunia. Nilimpokea mlangoni pa hospitali. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho hayakunitambua. Daktari alipopima sukari, kipimo hakikuonyesha namba, kiliandika tu kwamba imepita kiwango.

Aliwekewa dripu. Kaka alifika kutoka Nzega jioni, tukakaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilipomweleza habari ya jagi akasema:

"Mdogo wangu, usiwatupie watu lawama. Mama ni mtu mzima. Hakuna aliyemshika mkono akamnywesha. Alichagua mwenyewe."

Sijawahi kumpandishia kaka sauti, kwetu hatukulelewa hivyo. Siku ile nilimpandishia.

"Alichagua kati ya nini na nini, kaka? Aliambiwa hiki ni afya. Ameamka na neno hilo, amelala nalo, limeandikwa kwenye ukuta uliojengwa na baba! Ungemwambia wewe mara moja kwamba ni sukari, angekunywa?"

"Asingekunywa."

"Basi aliyemwambia kila siku kwamba ni afya, yeye hakufanya kitu?"

Wagonjwa wa jirani walikuwa wametugeukia, nikainuka nikaenda kunawa uso.

Mama alipona, namshukuru Mungu kwa hilo. Alikaa kwangu mpaka alipopata nguvu, na mimi nikaenda Tura na mifuko ya chokaa na brashi. Jirani yule na mabinti zake walinisaidia. Rangi yao ilikuwa nzuri mno, chokaa ikikauka maneno yanachungulia tena, tukalazimika kurudia na kurudia. Neno AFYA ndilo lililokataa kabisa kufutika. Nilifikia kulikwangua kwa panga.

Pikapu ile ilikuja tukiwa bado tunapaka. Safari hii alishuka afisa mauzo, mtu wa makamo, viatu vinang'aa, shati lina jina la kinywaji mfukoni.

"Dada, habari za kazi. Huu ukuta tuna makubaliano na mama."

"Mama yuko kwangu anaugua sukari iliyopandishwa na pakiti zenu."

Akatoa pole, na ilikuwa pole ya kweli, sitaki kumsingizia. Kisha akasema, "Lakini dada, wewe ni msomi. Unajua tangazo ni taarifa tu. Halimlazimishi mtu. Watu wananunua kwa hiari yao."

"Kama halifanyi kitu, mbona mnalipia rangi?"

Akacheka kidogo.

"Mbona mmesafiri kutoka mjini mpaka Tura kuutafuta ukuta wa mjane unaotazama treni? Mngeuacha, kama watu wananunua tu kwa hiari yao."

"Dada, hiyo ni kazi. Mimi natumwa."

"Na embe mlilochora liko wapi ndani ya pakiti?"

Hapo alitazama miembe iliyotuzunguka, akaifuta shingo kwa leso, akarudi garini. Hawakunishtaki popote. Walivuka tu reli wakaenda kuongea na mwenye nyumba ya upande wa pili, na jioni ileile nilisikia ngazi zinashushwa. Hiyo ndiyo njano inayopokea treni za Tura leo. Nilikwenda kumweleza mwenye nyumba habari za mama, akanisikiliza kwa adabu, akaniambia bati lake linavuja na wamemwahidi kulipiga kipande kipya.

Kaka ameacha kuuza kinywaji kile. Hajasema kwamba nilisema kweli, lakini nilipopita dukani kwake sikukiona kwenye rafu, na sikumuuliza.

Jambo linaloniuma bado hadi leo ni dogo zaidi. Baada ya kurudi kwake, mama alikuja kliniki mjini wakampa dawa mpya. Tulikaa jikoni kwangu, nikamwekea maji, nikafungua kiboksi. Alikichukua, akapitisha kidole kwenye maandishi, herufi kwa herufi, kisha akakirudisha mezani.

"Na hiki," akaniuliza, "kimeandikwa na nani?"

"Na watengenezaji wa dawa, mama."

"Wanauza?"

"Wanauza."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka tu kujua. Mimi mwalimu, ilibidi nimpigie simu muuguzi wa Tura, yule anayemfahamu, amwambie kwa mdomo wake kwamba dawa ni ya kweli. Ndipo alipoimeza.

Kila dawa mpya sasa huwa hivyo. Hasomi tena mwenyewe. Anasubiri sauti ya mtu anayemjua.