Kitabu cha Akiba cha Baba

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu Dar alikuwa na kitu anauza. Mimi niliuza pesa. Nilipopunguzwa kazi kiwandani, nilianza kukusanya kwa watu noti za Mjerumani, senti za tundu na hati za hisa za mashamba ya mkonge yaliyokwisha kufa, na kila Jumamosi alasiri nikawa nazinadi katika ukumbi wa kukodi Kinondoni. Wateja walikuwa saba, wakizidi sana wanane. Walijua kila alama ya kila noti. Kama nina mke au sina, hakuna aliyewahi kuuliza.

Sikuwa naye. Alishafariki, na mtoto hatukujaliwa. Nilikuwa na chumba kimoja Tabata, na redio. Jumamosi nilifika ukumbini mapema kuliko haja, kwa sababu huko watu wangekuja.

Kazi ya dalali ni maneno. Sarafu bila hadithi ni kipande cha chuma tu, kwa hiyo kila kitu nilikitungia mwenyewe: hii ilishonewa ndani ya koti la askari, hii ilifichwa chini ya kitanda cha bibi harusi wa Kilwa. Na nilikuwa naapa kabisa. Wao wakicheka, bei ikipanda. Wote tulijua kuwa naongopa, na sikuona ubaya wake.

Kitu kimoja sikukinadi kwa miaka: kitabu cha akiba cha baba, cha benki ya posta wakati wa Mwingereza. Baba alitoka kusini, akabeba magunia bandarini, akaishi Temeke mpaka tukamzika huko. Picha hakuwahi kupigwa. Kuandika hakujua, kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na dole gumba lake. Mwaka ule nilioumwa wiki tatu bila mtu kunibishia hodi, niliogopa. Nikifa, mwenye nyumba angekitupa pamoja na godoro. Nikaona heri kikae kwa mkusanyaji, mtu wa kutunza, alimradi ajue ni cha nani. Nilitaka mtu mmoja tu amjue baba yangu.

Jumamosi hiyo nilikiweka mwisho. Nikawaeleza ukweli mtupu: nilikuwa na miaka sita, baba amenikalisha juu ya kaunta ya posta. Akachovya dole kwenye wino, akaweka alama, kisha wino uliobaki akanipaka puani, akasema, "Na wewe nimekuweka akiba." Karani, mkali kupita kiasi, alicheka mpaka akavua miwani.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Dalali, leo umetia chumvi gunia zima!" mmoja akasema.

"Wallahi ni baba yangu mzazi," nikasema.

Wakazidi kucheka. Nusu saa kabla nilikuwa nimewaapia hivyo hivyo kwa ajili ya bibi harusi wa Kilwa. Nikafungua ukurasa, nikawaonyesha dole lake, nao wakapiga makofi wakidhani hata hilo ni sehemu ya kazi.

Ningeweza kukiondoa mezani. Lakini dalali anayeondoa kitu watu wakiwa wameshaanza kutaja bei, hawamrudii tena, na bila Jumamosi ningebaki na nani? Nikaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikagonga meza.

Kilikwenda kwa mstaafu mmoja wa Kimara, mpole kuliko wote. Alikitia kwenye bahasha taratibu, hata pembe isikunjike. Nikamfuata hadi mlangoni.

"Mzee wangu, yule baba ni wa kweli. Ni wangu mie."

Akanishika bega, akitabasamu.

"Umesimulia vizuri sana, mwanangu. Ila baba huyo tumeshamnunua. Jumamosi ijayo tuletee mwingine."

Nikamwambia sawa mzee, nitaleta.