Bande ya Fidèle Iko Chini ya Kitanda Yangu

Imetumwa na papa mumoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Majina yote tumebadilisha. Musome mupaka mwisho mbele ya kumutukana.

Yambo bandugu wote wa page. Miye niko na myaka makumi sita na tisa, niko na muke, batoto batano, na bajukuu. Batoto bangu bananiita papa wa maombi juu sikosi misa siku ya mungu. Kama bangejua kenye kuwa mu malle yangu, ile sanduku ya chuma! Niko muntu wa wivu, bandugu. Ile neno naiandika na mukono yangu mwenyewe, na haya yote.

Zamani nilikuwa technicien wa son, fundi wa sauti, ku studio moja ya mu ville. Ni ile wakati inchi ilianguka. Migodi ilisimama, bantu balitumika myezi na myezi bila mushahara, baaskari baliiba mu magazini mupaka na milango balingoa balitosha. Courant, ile umeme, ilikuwa inakuja leo, kesho hapana. Ndani ya ile fujo yote, patron mumoja wa Butembo, mwenye kuuzisha bintu en gros, kwa jumla, akatuletea kazi: kutosha CD ya nyimbo kumi na mbili za zamani za hapa kwetu. Alisema bantu banaisha kulia sana, baache bacheze kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kupiga bande za zamani, zile kanda za muziki, ku mashine, na mashine ingine inakamata ile son juu ya CD. Courant ikikosa, tunawasha groupe, ile moteur ya mazout yenye kutoa courant. Mais groupe yetu ilikuwa muzee. Ikianza kuchoka, bande inazunguka polepole, na muziki inatoka nzito, sauti ya mwanamuke inakuwa kama ya mwanaume. Kila technicien wa Lubumbashi alijua ile mambo. Ulikuwa unangoja courant ya kweli irudi, unarudilia. Nyimbo kumi na moja nilizirudilia.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Fidèle.

Fidèle ni rafiki yangu tangu primaire kwa bamonpère, bale bapadri. Alikuwa anapiga gitare mbio mupaka vidole hauvioni. Na yeye njo alikuwa fiancé wa kwanza wa Béa, muke yangu. Pré-dot, ile mahari ya kwanza, ilikuwa imeisha kupita, kisha bafamilia bakagombana, bikaharibika, njo miye nikamuoa. Fidèle alikuja ku ndoa yetu, akapiga gitare, akacheka na kila muntu. Béa alikuwa anaangalia paka vidole vya Fidèle tu. Siku ya ndoa yangu mwenyewe, eh Mungu wangu!

Donc ile siku ku studio, groupe ikachoka, nikasikia gitare ya Fidèle inajikokota kama muntu mwenye malaria. Nilikuwa peke yangu. Nikacheka. Kesho yake courant ilirudi, siku muzima, na bande ilikuwa pale ku meza. Sikuirudilia. Nikaandika ku karatasi: bon, iko muzuri. Patron akapeleka CD ifanyiziwe inje ya inchi.

Iliuzika! Mupaka Kasumbalesa, bashofere ba makamyo balikuwa banaipiga. Bale bazee bengine ba mu ile CD bakaanza kuitwa tena ku bandoa na ku bilio. Fidèle, hapana. Alikuwa amekimbilia Zambia, aliporudi alijisikia ku buvette, kwenye bantu banakunywa pombe, na bavijana bakamuchekelea: «Eh papa, njo weye huyu? Banatuambiaka ulikuwa na mbio!» Akakuja kwangu, akakaa, akaniuliza: «Ndugu, nilikuwa napiga hivi kweli? Ao kichwa yangu njo inanidanganya?»

Nikamujibu: «Bande haisemaka bongo, ndugu, haidanganyaka.»

Ile juma akauzisha gitare yake.

Nilizani sasa nitapata amani. Wapi! Siku moja jirani akaweka ile CD, Béa iko anatwanga sombe, majani ya muhogo, mu parcelle ya nyumba. Akasimamisha mukono. Akasema: «Huyu haiko Fidèle.» Kisha akaanza kuimba ile wimbo yeye mwenyewe, na kutwanga mbio, mbio ileile ya zamani, haikosi hata kidogo. Myaka makumi mbili mu nyumba yangu, na Fidèle bado iko paka mu mikono yake! Ile sombe ilinishinda kula.

Sasa musikie. Juma yenye kupita, Clarisse, binti ya Fidèle, alikuja. Papa yake iko anagonjwa figo, docteur ameisha kubaambia bajitayarishe. Kuko bantu banataka kutosha tena zile nyimbo ku internet, na bakikosa bande, batakamata paka ile CD tu. Akaniambia: «Papa anaomba kintu moja tu, ajisikie mara moja mbele ya kufa. Bande haikubakia kwenu, papa?»

Nikasema: «Mutoto yangu, baaskari balibeba yote.»

Bongo, nilimudanganya. Niliitosha ku studio miye mwenyewe, iko mu malle, chini ya kitanda yenye nalalaka na Béa. Na Béa alikuwa ku mulango, na maji ya mugeni ku mukono. Clarisse alipotoka, akaniita polepole kwa jina ya mutoto yetu: «Papa Nathalie, siku ya pillage ya mwisho, ile wizi ya baaskari, ulibeba ile malle ku kichwa, mutoto ukaniachia miye. Mulikuwa nini?»

«Makaratasi,» nikamujibu. Tangu pale ananiwekea chakula, anaenda kukaa inje.

Nikitoa bande, Fidèle atajisikia vile alikuwa. Mais Béa naye atamusikia, na atajua kenye nilifanya. Na vraiment, bandugu, hata sasa, muntu iko anakufa, miye bado namuonea wivu.

Mukitaka kunitukana, mutukane, nimestahili. Lakini munipe shauri leo, musingoje kesho. Clarisse ameniandikia asubui hii: papa yake ameanza kuita bantu wa kuaga, na jina ya kwanza aliita ni yangu.